Naam Iliyomfunga Mdogo Wangu

Kwetu Mkokotoni mama alitufunza kuitika kabla hatujajua kusoma. Msichana ukiitwa, "Abee." Mvulana, "Naam." Ukijibu "Nini?" unapigwa kofi la mdomo, halafu unaitwa tena. Mdogo wangu alishika somo kuliko sote: naam yake hutoka jina halijamalizika kutamkwa.

Naam hiyo ndiyo iliyomfunga.

Alikuwa askari. Akashitakiwa kwa kuacha lindo, na bunduki ikapotea. Yeye anasema mkubwa wake wa zamu ndiye aliyemruhusu kuondoka. Basi mbele ya mahakama ya kijeshi akatajwa jina, papo hapo akasomewa shitaka. Jeshini walishamzoesha kujibu "Afande", lakini siku ile woga ulimrudisha kwa mama. Akasema, "Naam." Yaani nipo, nnasikiliza. Wao wakaandika kwamba amekiri kosa! Alipotaka kumtaja huyo mkubwa wake, akaambiwa keshakiri, hayo ayatumie kuombea huruma tu. Hata shahidi mmoja hakuitwa. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Tukakata rufaa. Siku ya kusikilizwa, mimi na mama tulikuwapo pale mjini tangu asubuhi. Mdogo wangu kaketi kati ya askari wawili, kakonda, shati lampwaya. Wakili wetu, binti mdogo tu, akawaeleza majaji kwamba Unguja naam ni jibu la mwito, si kukubali tuhuma. Jaji mmoja akatabasamu. Sikulipenda tabasamu lile hata kidogo.

Wakatoka kushauriana, waliporudi wakasema hukumu imefutwa. Mama akapiga kigelegele mle mle ndani.

"Bi mkubwa, ngoja kwanza," wakili akamshika mkono. "Hajaachiwa. Kesi inaanza upya. Atasomewa shitaka lile lile mbele ya maafisa wengine."

Kigelegele kikamkatikia mama mdomoni.

Nje, karibu na gari la jeshi, walituruhusu tuseme naye kidogo. Nikamkamata ukosi, askari wakinitazama, sikujali.

"Nisikilize wewe. Wakishakusomea, sema si kweli. Basi. Hiyo naam yako imeze!"

"Nshafahamu, dada."

"Utasemaje?"

"Si kweli."

"Tena!"

"Si kweli, dada. Wallahi nshafahamu."

Macho yake hayakutulia. Aliyatamka maneno yale kama mtoto anayesomeshwa asichokielewa. Mama alikuwa kando, ushungi kaubana kwa meno, anamwombea kimya kimya.

Afisa mmoja akatokea mlangoni na faili mkononi. Hakututazama. Akaanza kumwita mdogo wangu kwa jina.

"Naam!" akaitika, jina halijamalizika.