Konokono wa Bibi

Juzi, dukani mjini Sumbawanga, nilisimama mbele ya tangi la kioo lenye samaki na konokono. Muuzaji akaniambia, "Mama, hawa ukiwabadilishia maji yote kwa mpigo, wanajifungia ndani mpaka wafe."

Papo hapo nikaisikia harufu ya sufuria ya Bibi.

Nilikuwa mtoto lori lilipotutoa Wampembe, kando ya ziwa, na kutupandisha kwenye kijiji cha ujamaa huku juu, Bibi, mama yake baba, aliipakata sufuria ya konokono wa ziwani njia nzima. Maji yakamwagika yote milimani. Tulipofika akawatilia ya kisima, ya baridi, yenye rangi ya udongo. Kila mchana aliwatoa juani, akawanyunyizia unga wa ulezi, wasiuguse. Kila mmoja alikuwa ameziba mdomo wa gamba lake kwa kifuniko kigumu.

"Bibi, wamelala?"

"Wamefunga mlango. Wanangoja maji ya kwao."

Alasiri moja mama alitoka jikoni ameziba pua. "Mama, hawa wananuka. Tuwamwage."

"Waache," Bibi akajibu. Aliingia ndani akalala akiuelekea ukuta, na uji aliopelekewa ukapoa mpaka ukafanya utando.

Mimi sikuogopa. Nilidhani kungoja ni kazi kama kuchunga mbuzi, na jua likizama inaisha. Nikaketi kizingitini kando ya sufuria, katika harufu ile, nimetega sikio nisikie lori likirudi kutuchukua.