Swali la Nne na Koti la Daktari

Wenzake walimwita Kobe, na hakuwahi kuwalaumu. Ukimsalimia ghafla, shingo yake ilizama ndani ya kola ya ovaroli mpaka zikabaki nyusi na masikio, na jibu likatokea huko ndani kama la mtu aliyejificha chini ya kitanda.

Alikuwa dobi wa hospitali kubwa. Kwa miaka kumi na tisa alisimama mbele ya mashine moja ya kufulia, pipa la chuma lenye kimo cha kumzidi, na mlango wa kioo mviringo katikati. Kwa watu hakuwa na maneno, lakini kwa mashine hiyo alikuwa nayo tele. "Haya bibie, fungua mdomo," aliiambia kila asubuhi. "Leo tuna mashuka ya wodi ya wazazi. Usinitie aibu."

Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, aliulizia habari za mashine hiyo kila jioni.

"Mke mwenza wangu hajambo?"

"Hajambo. Ila leo amekohoa kidogo."

"Mpe pole. Mimi nikikohoa huulizi."

Kabla ya mashine, Kobe alisukuma matoroli ya nguo chafu miaka sita, tangu alipomaliza darasa la saba. Dobi aliyemtangulia alipokaribia kustaafu alimwita kando na kumfundisha jambo moja, akalirudia mwezi mzima: mifuko. Koti la daktari lina mifuko minne. Miwili ya chini, mmoja wa kifuani, na mmoja wa ndani, upande wa moyo. Macho yasiaminiwe, vidole viguse yote minne. Kobe alilishika hilo kama mtu anavyoshika jina la mama yake, na katika miaka kumi na tisa hakuna shuka lililotoka kwenye mashine yake na doa ambalo halikuingia nalo. Vitu alivyookoa ambavyo havikupata wenyewe alivitia katika kopo la maziwa juu ya rafu.

Basi mwaka huo makao makuu, yenye hospitali sita chini yake, yakaleta somo la mtandaoni. Kila dobi alisome kwenye simu yake, kisha ajibu maswali kumi. Barua ilibandikwa mlangoni: ambaye hatakuwa amefaulu mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni, ataondolewa kwenye mashine na kupangiwa matoroli.

Somo lenyewe lilikuwa na kurasa arobaini na sauti ya bwana mmoja aliyesoma kama anatangaza msiba. Mama Pasi, aliyeendesha mashine ya kunyoosha mashuka na kusikika mpaka wodini, alilisikiliza simu ikiwa ndani ya ndoo ili isimsumbue. Jioni hiyohiyo alipata kumi kwa kumi. Wote walipata kumi kwa kumi. Kobe peke yake alikwama.

Alikwama swali la nne. *Nguo zikifika, hatua ya kwanza ni ipi? A: kupima uzito. B: kuzitia kwenye mashine. C: kuchagua sabuni.*

Alilitazama kutwa. Mifuko haikuwemo. Akalifunga, kesho yake akalifungua tena, labda mifuko imerudi. Haikurudi, na simu haikukubali kuruka swali.

"Bonyeza A," alisema Mama Pasi.

"Si kweli."

"Nani kakuuliza ukweli? Umeulizwa A, B au C!"

"Ukipima kabla ya kukagua," Kobe aliiambia kola yake, "umepima na mkasi wa mtu."

"Kobe, utasukuma toroli wewe! Na magoti hayo!"

Alijua. Usiku wa juzi alikuwa amemwambia mkewe, naye kwa mara ya kwanza hakutania. Lakini kila kidole kilipoisogelea A, kilirudi chenyewe.

Jumatatu ya wiki ya mwisho aliingia msichana mwenye kompyuta begani na viatu visivyofaa sakafu yenye maji. Ndiye aliyetunga somo. Katika madobi wa hospitali zote sita, jina moja tu lilikuwa bado jekundu kwenye orodha, la asiyefaulu, naye alitaka kumwona mwenyewe. Wakamwita papo hapo Binti Mafunzo.

"Shikamoo baba. Ni somo lililokushinda, au simu?"

Shingo ikazama. Kobe akaliteremsha kopo la maziwa na kulimwaga mezani. Zikatoka kalamu, mikasi midogo, pini, kijiko, kipimajoto, funguo za gari na meno ya bandia, safu nzima ya juu, yakabingirika na kusimama mbele ya yule binti yakimchekea.

"Haya yametoka wapi?"

"Mifukoni. Kabla ya kupima."

Binti aliinua kalamu moja, akaiweka. "Mimi niliandika kwa kufuata kitabu cha mashine."

"Kitabu cha mashine kimeandikwa na watu wa mashine," sauti ilitoka ndani ya kola. "Mashine haina mifuko."

Binti Mafunzo akageuka kwa Mama Pasi. "Mama, wewe ulipata kumi. Swali la sita lilihusu nini?"

"La sita? Mwanangu, mimi nilibonyeza tu. Majibu nilipewa na fundi wa boila."

"Na yeye?"

"Alipewa na watu wa jikoni."

"Jikoni wamejuaje?"

"Hapo sasa ndipo nawavulia kofia."

Binti alicheka mpaka akakaa juu ya mzigo wa mataulo, kisha akanyamaza ghafla, maana somo lilikuwa lake. Akapiga simu makao makuu, akabishana, akaomba, akarudi na jibu: somo litengenezwe upya kabla ya Ijumaa, ila tarehe ya mwisho haisogei.

Safari hii alitaka vipande vya dakika mbilimbili, kila kipande jambo moja. Ukimaliza kutazama unaweka simu, unalifanya kwa mikono yako, unapiga picha, unaituma, ndipo unapata swali. Na wa kutazamwa alikuwa Kobe.

Jumanne wakaanza. Simu iliposimamishwa mbele yake, Kobe alikauka. Akasema "Mimi ni," basi. Haikujulikana ni nani.

"Baba, niache mimi. Ongea na yule unayemzoea."

Kobe akaipa simu kisogo, akaielekea mashine. "Haya bibie," alianza, "leo tuna wageni," na maneno yakaja. Binti akasogea pembeni na kupiga video ya mikono tu: vidole vikiingia mfukoni, vikigeuza kitambaa, vikitoka. "Sogea kidogo kwenye mwanga, baba," alimwambia mara moja, naye akasogea. Walipomaliza, makoti yaleyale yakaingia mashineni pamoja na mashuka, kazi haingojei filamu.

Jumatano asubuhi mashuka kumi na mawili yakakutwa na madoa ya bluu.

"Sabuni mpya hiyo!" Mama Pasi alitangaza. Msimamizi akaafiki, akamwandikia muuza sabuni barua kali. Kobe naye aliamini ni sabuni. Mikono yake ingekoseaje?

Somo jipya lilifika kwenye simu Ijumaa saa nne asubuhi. Chumba kizima kikashikwa na wazimu wa mifuko. Mama Pasi alikagua makoti, ovaroli, mpaka aproni ya msimamizi akiwa ameivaa. Picha zikaruka kutoka hospitali zote sita: karanga, risiti, pete. Kabla ya chakula cha mchana karibu wote walikuwa wamefaulu, na kila swali walilijua linahusu nini.

Kobe alikwisha kutuma picha zake zote, lakini maswali aliyangojea mpaka chumba kipungue watu. Saa tisa na nusu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza. La kwanza, sawa. La pili, la tatu, sawa. La nne ilikuwa video yake. *Tazama dobi huyu. Je, amekagua mifuko yote? Ndiyo au Hapana.*

Alitabasamu, kidole kikashuka kwenye Ndiyo. Lakini mazoea yakamtaka atazame kwanza. Mfuko wa chini, kulia. Mfuko wa chini, kushoto. Wa kifuani. Hapo sauti ya binti ikasikika, "Sogea kidogo kwenye mwanga, baba," mikono ikasogea, na koti likaenda kwenye lundo.

Akairudia video mara tatu. Mfuko wa ndani, upande wa moyo, haukuguswa.

Akaelewa habari ya mashuka ya bluu pia. Haikuwa sabuni. Somo lilisubiri Ndiyo. Akibonyeza, anabaki na mashine yake, na miaka kumi na tisa inabaki haina doa. Hakuna kiumbe aliyegundua. Saa ilionyesha kumi kasoro dakika kumi na nane. Akakipeleka kidole kwenye Ndiyo. Kikagoma. Akakisindikiza kwa mkono wa pili. Kikagoma.

Kwa simu yake Kobe alizoea kumpigia mtu mmoja tu, mkewe, naye ndiye aliyekuwa akimaliza mazungumzo. Akatafuta namba ya Binti Mafunzo.

"Halo, baba! Mbona bado uko mwekundu? Dakika zinaisha!"

"Mwanangu, dobi wako wa swali la nne amekosea."

"Dobi gani?"

"Mimi."

Akamweleza mfuko wa ndani. Akasikia video ikichezwa upande wa pili, mara moja, mara mbili. "Jamani," alisema binti. "Nimeitazama mara ishirini!"

"Na mashuka ya Jumatano ni mimi. Mwenye sabuni aombwe radhi." Akapumua. Hakuwahi kusema mengi hivyo kwa mtu asiye wa nyumbani. "Niandike toroli?"

"Toroli ya nini? Subiri hapo hapo. Usibonyeze kitu."

Alisubiri. Mshale wa saa ya ukutani ulitembea kwa kelele. Zilipobaki dakika nne simu ikalia: *Rudia swali la nne.* Kobe akabonyeza Hapana, kidole kikienda chenyewe kama kinakwenda kwao. Yaliyobaki sita aliyajibu bila kupumua. Kijani.

Alikuwa bado ameikumbatia simu kifuani mlango uliposukumwa kwa teke.

"Kobe! Umefanya nini?" Mama Pasi aliinua simu yake juu. "Nilikuwa kijani tangu saa tano, sasa nimekuwa mwekundu! Dobi wa chumba cha pili mwekundu! Hospitali nzima nyekundu kama nyanya!"

Nyuma yake walijaa madobi wengine, wakipiga kelele. Simu zote zilisema neno moja: *Jibu la swali la nne limebadilika. Mmeongezewa muda mpaka Jumatatu. Tazameni tena.*

"Tutazame nini tena?" alifoka Mama Pasi. "Mifuko si amekagua yote? Tumeiona!"

Kobe aliinuka kwenye ndoo. Akaenda kwenye kamba ya nguo safi, akavuta koti jeupe la Jumanne lililokuwa bado halijachukuliwa, akaligeuza ndani nje. Upande wa moyo palikuwa na doa la bluu lenye ukubwa wa kiganja, na katikati yake kipande cha kalamu.

Mama Pasi akalitazama koti, akamtazama Kobe, akalitazama koti.

"Wewe?" alisema. "*Wewe*, Kobe?"

"Mimi."

Mama Pasi akaangua kicheko kilichosikika mpaka wodini, akapiga mapaja, akajishikiza begani kwa Kobe asianguke. "Nilishaanza kuogopa kwamba wewe si mtu!" Kisha akajifuta machozi, akavuta ndoo, akaketi. "Haya, mwalimu. Onyesha upya. Na safari hii tugeukie sisi, mashine imeshasikia."

Shingo ilianza kuzama kolani. Ikafika kidevuni, ikasimama. "Mfuko wa chini," alisema Kobe, "kulia."