Chumvi ya Kiranja

Mjomba wangu alichinja kwa miaka mingi hata jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Mtaa mzima ulimwita Kisu. Machinjio yalipofungwa kwa uchafu, nikamtafutia kazi hapa ninapogawa malisho, kwenye makazi ya mifugo waliookolewa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Fisi kakabidhiwa bucha, wakasema. Mjomba alifagia mabanda, akasafisha kwato, akanigombeza kwa kuchelewesha pumba kana kwamba mgeni ni mimi.

Wanyama waliokutwa hai machinjioni siku ile waliletwa huku. Mmoja wao ni beberu mweusi mwenye pembe moja, Kiranja. Kazi yake kule ilikuwa kutangulia. Alipanda ubao wa kuingilia, kondoo na ng'ombe wakamfuata kwa imani, kisha yeye akatokea mlango wa pembeni na kulambishwa chumvi. Aliyemlambisha ni Mjomba. Aliponieleza hayo debe la pumba liliniponyoka. Mbuzi kaajiriwa kusaliti wenzake! Mjomba nilimsamehe, damu nzito kuliko maji. Mbuzi nikamchukia waziwazi.

Kisha akaja Bibi, ng'ombe mzee kipofu. Hakuna aliyewakutanisha. Kiranja alimsogelea mwenyewe, Bibi akaweka pua mgongoni mwake, wakaenda hivyo mpaka kwenye maji, wakarudi hivyo. Hata wakilala, pua iko palepale. Mimi niliwatazama kwa mashaka, nikingoja siku atakayomtumbukiza shimoni.

Jicho la Bibi likaota uvimbe. Daktari wa mifugo akasema uondolewe hospitalini haraka, la sivyo tujiandae kumzika. Lori likaja na daktari ndani, ubao ukateremshwa. Bibi hakuinua mguu bila Kiranja, na Kiranja alipouona ubao akaganda.

"Niachie mimi," Mjomba akasema. "Huyu namjua."

Akatoa chumvi mfukoni, akamnyooshea kiganja kama zamani.

Jamani! Yule beberu aliruka, akageuka, akampiga Bibi kichwa cha kifua. Akamsukuma nyuma, mbali na ubao, tena na tena, akilia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mbuzi. Dereva alikimbilia ndani ya lori akajifungia. Kiranja alikuwa anajua. Miaka yote ile alikuwa anajua wenzake wanakwenda wapi.

Uso wa Mjomba ulisawijika. "Mwenye kovu usidhani kapoa," akanong'ona, chumvi ikimponyoka vidoleni.

"Sasa tufanyeje, Mjomba? Bibi atakufa!"

"Huyu hajaona hata mmoja akipanda kisha akashuka, mwanangu."

Akapanda ubao peke yake, akasimama ndani ya lori, akashuka kwa ubao uleule. Akapanda tena, akashuka tena, mzee wa watu na magoti yake mabovu. Dereva akaguna kwamba tumepata wazimu. Nikapanda naye, nikashuka naye. Daktari akatufuata na koti lake jeupe. Tulikuwa kichekesho, lakini hakuna aliyecheka. Mwishowe Kiranja akaweka kwato moja, akapanda, akageuka, akashuka mbio. Akarudia. Kisha akamwendea Bibi, akamsogezea mgongo.

Hospitalini, mlango wa lori ulipofunguliwa, Kiranja ndiye aliyekuwa karibu na ubao. Dereva akamwita ashuke. Hakushuka. Alizunguka nyuma ya Bibi, akaegemeza paji la uso wake pajani mwa Bibi, akamsukuma taratibu mpaka kwato zote nne za Bibi zikagusa ardhi. Ndipo naye akashuka.

Mjomba alishika ubavu wa lori akalia kwa sauti mbele za watu, na mimi nikamshika mkono.