Mama Rukaiya na Mfua Kengele

Kwenye saluni ya Tabu, pale Tabata, anayesukwa ndiye anayesoma. Sheria hiyo haikuwekwa na mtu. Ilikuja yenyewe, maana mikono ya msusi imejaa rasta na ya mteja haina kazi. Zamani zilisomwa hadithi za WhatsApp, za wake wenza na majini, watu wakacheka wakaenda zao. Tangu Idi ipite wanasoma katuni ya Kijapani, na katuni hiyo ilikuwa inamtoa Tabu roho.

Aliyeileta ni Jesca, mwanafunzi wa unesi aliyepanga nyumba ya jirani. Kuna kijana huko mtandaoni anafuta maneno ya Kijapani na kuandika Kiswahili cha mjini mahali pake. Habari yenyewe ni ya enzi za mapanga. Samurai mmoja, vitani, aliingia kijiji cha watu akaua familia karibu nzima. Vita vilipokwisha akautupa upanga, akachukua jina la mtawa aliyemkuta amekufa njiani, akajifunza kufua kengele za mahekalu. Kila aendako anapendwa. Mwenyewe anajiona kazaliwa upya.

Wasomaji hawakuelewana hata kidogo. Jesca alimtetea. "Mtu anabadilika jamani. Miaka yote hiyo anafanya mema, mnataka afanye nini tena?"

Salma, muuza vitenge, mteja wa siku nyingi na mdomo wake mwenyewe, hakutaka kusikia. "Ajinyonge," alisema kwa upole, kama anayeagiza chai. "Waliokufa wao watabadilika lini?"

Tabu akajikuta ameuvuta msuko kuliko alivyokusudia.

"We Mama Rukaiya," Salma akalalamika. "Ni kichwa hicho, si gunia."

Akaomba radhi, wakaendelea. Lakini kila sura ilipotoka, Tabu alitamani iishe upesi. Wenzake walikuwa wanamjadili Mjapani wa kuchora. Yeye alikuwa anasikiliza hukumu ya mwanawe.

Maana huyo Mama Rukaiya hakuwepo. Mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, kila mtu anajua, na mtoto wa kwanza wa Tabu ni Mashaka. Kule Vingunguti alikuwa Mama Mashaka mpaka usiku ule wa ngoma ya singeli, kijana wake alipogombana na mwenzake akampiga chupa ya kichwa, na yule mwenzake asiamke tena. Mashaka akafungwa. Tabu akahama. Siku ya kwanza Tabata, jirani alipomwuliza yeye ni mama nani, ulimi ukamruka mkubwa ukamtaja mdogo, Rukaiya, aliyeolewa Tanga. Neno moja tu, basi likawa jina lake.

Sasa Mashaka alikuwa anamaliza kifungo, Ijumaa anatoka, na hana pa kwenda ila chumba cha nyuma ya saluni. Tabu alikwenda kumwona gerezani akampangia maneno. "Ukifika pale utaniita mama mdogo. Wewe ni mtoto wa dada yangu, umetoka Lindi." Mashaka aliinamisha kichwa. "Sawa, mama," akajibu. Lile "mama" lilimfuata mpaka nyumbani, hakula.

Jumatano ilikuwa zamu ya Salma. Alitaka mtindo wa twende kilioni, nywele zote zirudi nyuma, na simu ameishika mkononi anasoma. Sura hiyo mfua kengele analetewa sufuria ya shaba na bibi mmoja, aiyeyushe aitie kwenye kengele. Anapomtazama anamtambua: ndiye pekee aliyebaki katika familia ile. Bibi hamjui. Anampikia wali, anamwita mwanangu, anamwuliza jina. Naye anamtajia jina la yule mtawa marehemu.

Salma akaiangusha simu mapajani. "Hapa sasa ndipo ananikera. Kuua aliua, Mungu wake anamjua. Lakini huyu bibi wa watu anakula naye na hajui anakula na nani. Kazaliwa upya wapi huyu? Kajificha tu."

Jesca, kwenye benchi, siku hiyo hakumtetea. "Hapo kweli mama, kazingua."

Mikono ya Tabu ikasimama. Alijaribu kuirudisha kazini ikagoma.

"Salma, mie siyo Mama Rukaiya," akasema. "Yaani Rukaiya ni wangu, ila wa pili. Wa kwanza anaitwa Mashaka. Yuko jela, aliua mtu. Keshokutwa anatoka na anakuja kukaa hapa na mie."

Salma alikuwa upande mmoja kasukwa vizuri, upande wa pili nywele zimesimama juu. Mwanamke hatoki nje na nusu kichwa, hata awe na hasira vipi.

"Malizia," akasema.

Tabu akamaliza. Jesca alikuwa anaitazama simu yake iliyozimwa. Salma, ambaye kwa kawaida kioo humshika nusu saa, alijifunga mtandio akatoka bila kujitazama.

Alhamisi hakuja mteja. Ijumaa akaja Mashaka na kimfuko chake, amekonda, akaingia nyuma ya pazia akakaa humo kama mgonjwa. Jumamosi, siku ambayo benchi huwa halitoshi, lilikaa tupu. Kila kandambili ilipopita nje Tabu aliruka. Alishaanza kuwaza aanzie wapi tena, Mbagala au Gongo la Mboto, na safari hii ajiite nani.

Jumapili Salma akasimama mlangoni. Tabu akajua katumwa na majirani kuja kumwambia ahame.

Salma akafungua mtandio. Nywele zote zimefumuliwa.

"Si nilikusuka Jumatano?" Tabu akauliza.

"Zilikuwa zinanibana."

Uongo mtupu, msuko wa Tabu hukaa wiki tatu na haubani mtu. Lakini Salma alishakaa kitini. Mashaka, aliyesikia sauti, akachungulia kwenye pazia, akaona aibu kurudi ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Salma akamtazama kutoka juu mpaka chini, hakutabasamu. Kisha akamnyooshea simu. "Sura mpya imetoka. Leo soma wewe, mie macho yananisumbua."

Mashaka akaketi kwenye benchi, akaanza kusoma, akachanganyikiwa, picha hazifuatani.

"Anzia kulia," Salma akamwambia. "Kama msahafu."

Akaanzia kulia. Alisoma taratibu, kidole juu ya kioo cha simu. Mfua kengele amerudi kwa yule bibi. Amesimama nje ya lango, mvua inamnyeshea, anataka kubisha hodi na mkono haunyanyuki. Hapo kidole cha Mashaka kikakwama. Nyuma ya kiti, Tabu naye akasahau alichokuwa anakifanya, akaukaza ule msuko kwa nguvu zake zote.

"Mama Mashaka," Salma akasema, "ni kichwa hicho, si gunia."

Tabu akalegeza mkono. Machozi yalikuwa yanamdondokea mteja utosini, na mteja akamwashiria Mashaka aendelee kusoma.