Chai ya Maua ya Mlangoni

Kwetu Buhongwa yale maua ya rangi ya waridi yaliota mlangoni bila kupandwa na mtu. Mama aliyaacha kwa sababu hayakufa kiangazi. Mbuzi walipita pembeni yake wala hawakuyagusa, na kwa hilo mbuzi walituzidi akili. Anayetaka kukasirika akasirike.

Mdogo wangu, kitindamimba wa nyumba yetu, alianza kuvimba taya. Tukadhani ni jino. Jino likang'olewa, taya likazidi kuvimba, meno mengine yakaanza kulegea, mwisho tukapelekwa hospitali kubwa mjini. Daktari akasema ni saratani, ile inayowapenda watoto wa huku ziwani. Akasema pia kwamba inatibika, na hilo ndilo lililotushikilia: taya litarudi kama zamani, dawa ikipatikana.

Ikipatikana! Zilikuwa zama za ruksa, biashara zimefunguliwa na kila kitu kinaingia. Ukishuka sokoni Mirongo unakuta redio, mitumba, soda za kopo, marashi ya Dubai, hata mbwa wa plastiki anayebweka. Dawa ya mdogo wangu? Thubutu! Hospitali haikuwa nayo, na yale maduka ya dawa yaliyochipuka kila kona yalijaa dawa za kikohozi na mafuta ya kung'arisha ngozi. Tukaambiwa tusubiri, inaletwa kutoka Dar kwa treni.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimkuta Mama analia, akataka kumtuliza, akamwonyesha dirishani maua kama yale ya mlangoni kwetu.

"Mama, usikate tamaa. Unayaona maua yale? Dawa tunayoisubiri inatokana na mmea ule ule."

Alisema kwa nia njema, najua. Lakini nimemlaani miaka mingi kwa maneno yale, na bado sijamaliza.

Mama alifuta machozi papo hapo. Kesho yake akaenda nyumbani, akarudi na kapu la majani na mizizi, akavichemsha kwenye jiko la nyuma ya wodi, pale ndugu tulipowapikia wagonjwa wetu. Hakujificha. Akachuja kwa kitambaa, akawa anamnywesha mtoto asubuhi na jioni. Ilikuwa chungu, loo! Mdogo wangu alianza kulia kabla kikombe hakijafika mdomoni.

"Kunywa, mwanangu," Mama alimbembeleza. "Hii ni dawa ya daktari."

Treni ikafika na dawa. Kabla ya sindano ya kwanza daktari aliuliza, kama alivyomuuliza kila mzazi pale, "Mama, kuna dawa yoyote ya kienyeji mmempa?"

Mama yangu ni mtu wa kanisa. Alishaikataa hirizi aliyoletewa na bibi yetu, wakanuniana. Akajibu kwa moyo mweupe, "Hapana, daktari. Sisi hatuna mambo hayo."

Wala hakusema uongo. Kwake dawa ya kienyeji ilikuwa ya mganga, yenye shanga na kuku mweusi. Hii aliipata kwa daktari mwenyewe, kwa kinywa chake.

Taya likaanza kupungua. Jamani, lilipungua tukaliona kwa macho, mdogo wangu akawa anacheka kwa upande mmoja. Mama akaona dawa mbili zinasaidiana, akaongeza chai. Kisha tumbo likafunga, miguu ikafa ganzi, homa ikapanda. Kipimo kikaonyesha chembechembe nyeupe za damu zimeshuka vibaya. Sindano zikasimamishwa mpaka damu irudi. Nesi ndiye aliyekuta kikombe, akanusa, akauliza. Mama akamweleza bila wasiwasi wowote, na nilimwona nesi yule akikaa kitandani kama aliyesukumwa.

Baadaye nimesoma. Uchungu ule ni wa alkaloidi, kemikali kali za mimea, na mmea ule unazo nyingi, si moja. Viwandani huchambua marundo ya majani kupata kiasi kidogo sana cha ile inayotibu. Ukichemsha kapu zima hujui umemnywesha mtoto nini wala kiasi gani. Lakini hata zile sindano zenyewe hushusha damu. Kwa hiyo kama ni chai iliyommaliza au si chai, hakuna wa kuniambia, na hilo linaniuma kuliko yote.

Mama aliimwaga chai yote. Tukawa tunasubiri damu irudi, na taya likaanza kuvimba tena mbele yetu. Asubuhi moja mdogo wangu alifumbua macho, akaitazama mikono ya Mama. Ilikuwa mitupu.

"Mama, leo hunipi dawa?"

Mama akatikisa kichwa.

"Nitakunywa," akasema. "Sitalia tena. Nipe tu."

Mama angemwambia nini mtoto mdogo vile? Akampapasa kichwa, akatoka nje. Mdogo wangu alikufa kabla jua halijazama, akiamini kwamba amenyimwa dawa kwa sababu ya kulia.