Siku Kijiji Kizima Kilipovaa Koti Langu

Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi koti sivai, hata siku ninamwoza binti yangu nilisimama mbele ya watu na shati jeupe la mikono mirefu, na kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba Lindi kuna joto. Joto gani, jamani, na mwezi wenyewe ulikuwa wa saba, watu wanajifunika khanga asubuhi! Ni aibu tu, aibu ya zamani, na leo nimeamua kuimwaga hapa mnicheke mara moja tuyamalize, maana nimechoka kuwaona wale wanaoijua wakikonyezana kila nikipita harusini.

Wakati huo, miaka michache baada ya watu kuhamia vijiji vya ujamaa, nilikuwa na studio mjini Lindi, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maghorofa na ndege (ndege yenyewe ilikuwa na bawa moja, mchoraji aliishiwa rangi), kiti kimoja, na koti. Koti ndilo lililokuwa roho ya studio, kwa sababu watu wengi hawakuwa na koti na picha bila koti haikuhesabiwa kuwa picha, basi mteja akiingia analitoa msumarini, analivaa juu ya shati au hata juu ya fulana, anapigwa picha, analirudisha, anaingia mwingine. Lilikuwa la kijivu, kifungo cha katikati kilishakatika, na kwenye mfuko wa kifuani kulikuwa na leso nyeupe ambayo niliishona kabisa kwa uzi, maana wateja walizoea kuondoka nayo. Nusu ya mji wa Lindi ilishapigwa picha na leso ile.

Siku moja akaja Bwana Linus, afisa utamaduni, kijana msomi mwenye haraka, anaongea huku anatazama saa. Alikuwa anaandaa maonyesho ya picha ya Sabasaba, ukuta mzima uonyeshe jinsi watu wa Kusini walivyopigania uhuru wao na jinsi wanavyoishi sasa. Za zamani alishazikusanya kwa wazee: mikutano ya kwanza, akina mama wakicheza ngoma siku bendera inapanda, watu waliotoka kifungoni. Sehemu ya maisha ya sasa ndiyo akanikabidhi mimi.

"Nenda Rutamba," akaniambia. "Wapige wakiwa kazini, kama walivyo kila siku. Sitaki mambo ya studio, umenielewa?"

Nikamwambia nimemwelewa, na kweli nilimwelewa, na akanitafutia filamu, ambazo siku hizo zilikuwa adimu kuliko sukari. Lakini asubuhi ya safari nimeshaufunga mlango, kamera begani, nikachungulia dirishani nikaliona koti limetulia kwenye msumari wake, nikajiambia hebu nilichukue, huwezi kujua. Nikafungua mlango, nikalichukua. Hayo mengine yote yalianzia hapo.

Rutamba nilipokelewa vizuri mno. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Nalinga, alinipa uji wa mtama na muhogo wa kuchoma, akawakusanya watu, nikawaeleza kwamba nataka kuwapiga picha wakilima, wakitwanga makopa, wakikandika nyumba zao mpya. Watu wakatazamana.

"Mwanangu," akasema Mzee Nalinga, "picha hizi zinakwenda Lindi mjini?"

"Zinakwenda, mzee."

"Na wakubwa wataziona?"

"Wataziona, inshallah."

"Basi wewe unataka wakubwa wanione na fulana hii?" Akaivuta mbele, matundu yakaonekana vizuri. "Kwani nimekukosea nini?"

Na wengine wakamuunga mkono, kila mtu akakumbuka kwamba nguo yake nzuri ameifua, haijakauka, na akina mama wakaingia ndani wakafunga milango. Nilibembeleza, nikaeleza habari ya maisha ya kila siku mpaka mate yakanikauka, jua linapanda, sijapiga hata picha moja. Basi nikasema, potelea mbali, nikatoa koti. Nikamwambia mwenyekiti, hili avae yeye peke yake, mara moja tu, kwa heshima ya cheo chake (nilifikiri nina akili sana). Akalivaa, akachukua jembe, akasimama katikati ya shamba lake la muhogo kama anaapishwa, nikapiga.

Kugeuka hivi, kumeshakuwa na foleni.

Nitamkatalia nani, nikishamkubalia mmoja? Akaja bwana wa kukandika nyumba, mikono imejaa udongo mpaka kwenye viwiko, tukamvisha kama mtoto mchanga na nikamsihi bonge la udongo alishike mbali na mwili. Akaja fundi baiskeli na koti, mpura ufuta na koti, mke wa mwenyekiti akatoka mwenyewe akalivaa juu ya khanga akashika mchi. Walikuwa wanasaidiana kulivaa, wanarekebishana kola, wanapeana zamu bila ugomvi, na mimi nafurahi kwamba kazi inakwenda.

Wa mwisho alikuwa Bi Somoe, mjane mzee aliyekuwa anasuka ukili barazani kwake tangu asubuhi bila kusema neno. Filamu ilikuwa imebaki picha moja. Nikamwambia nitampiga hivyo hivyo alivyo na ukindu wake, amependeza.

"Bila koti sipigwi."

"Bibi, lakini hili ni koti la kiume."

"Kwani sijui la nani? Lete."

Akalivaa, akafunga kila kifungo kilichokuwepo, akakaa mkekani, akashika ukili, akanitazama bila kucheka. "Usinikate mikono," akasema, na mikono yenyewe nikaiona, ina makovu ya mkonge mpaka juu ya kiganja. Nikapiga. Hakulivua haraka. Alilipapasa mkono wa kushoto, kisha akalivua, akalikunja vizuri kuliko lilivyowahi kukunjwa, akanirudishia.

"Hiyo picha isipotee, mwanangu. Nikiiona imetundikwa mbele za watu, roho yangu itatulia."

Nikamwahidi, nikijua kama mnavyojua nyie kwamba vikongwe husema mambo.

Sasa mtaniuliza, wakati unasafisha zile picha hukuona? Wallahi sikuona. Mtu anayefanya kazi studio anatazama macho, anatazama kama mdomo umefungwa, na lile koti nilikuwa nimeliona kwenye miili ya watu kila siku ya Mungu hata nikaacha kuliona. Picha zilitoka safi, nyuso zinang'aa, nilijipongeza. Siku ya ufunguzi nikazitundika mwenyewe alfajiri, mbio mbio, kwa sababu Bwana Linus alikuwa anahangaika na mapokezi ya mgeni rasmi, kisha nikarudi nyumbani kuoga na kujipamba. Na kwa kuwa mgeni ni mkubwa wa mkoa, na mimi koti langu la kwangu sina, mnajua nilivaa nini.

Ukumbi ulijaa. Lori la ushirika lilikuwa limewaleta watu wa Rutamba, nao safari hii wamependeza, kanzu nyeupe, khanga mpya, Bi Somoe kashikwa mkono na mke wa mwenyekiti. Mgeni rasmi akaingia, akapita kwenye picha za zamani taratibu, anatikisa kichwa, anauliza, Bwana Linus anajibu kwa raha zake. Akafika kwenye picha zangu. Ya kwanza akatabasamu. Ya pili akatabasamu kidogo. Ya tatu akasimama, akarudi kwenye ya kwanza, akaenda ya nne, akainama akaitazama ile leso.

"Hebu," akasema. "Hili koti wamelitoa wapi?"

Kuna mtu nyuma akacheka puani. Bwana Linus akatazama ukutani kama ndiyo mara ya kwanza anauona, na kweli ilikuwa ya kwanza, rangi ikamtoka.

"Mpiga picha yuko wapi?"

Nikajitokeza, kifua mbele. Nikaona macho ya mgeni yanatoka ukutani yanakuja kifuani kwangu, kwenye leso, yanashuka mpaka pale pasipo na kifungo, yanarudi ukutani. Hapo ndipo mimi mwenyewe nikaliona koti, na kila nilipogeuza macho lipo, linalima, linatwanga, linapura ufuta!

"Na wewe pia mwenyeji wa Rutamba?" akaniuliza.

Ukumbi ukalipuka. Walicheka watu, walicheka walimu, alicheka mpaka askari wa mlangoni. Nikataka kulivua, nikatoa mkono mmoja, ndipo nikakumbuka kwamba shati langu limepigwa pasi kola tu na mgongoni limechanika kuanzia bega hadi bega, nikarudisha mkono, na wale walioona mgongo wakaanza kicheko kipya. Jasho lilinitoka mpaka kwenye masikio.

Bwana Linus akanisogelea, anatabasamu kwa ajili ya mgeni huku anasaga meno kwa ajili yangu. "Zitoe," akaninong'oneza. "Zote. Sasa hivi."

Nami nilivyokuwa natamani ardhi ipasuke, sikubisha. Nikaishika picha iliyokuwa karibu yangu nianze kuibandua. Kona moja ilishatoka nilipohisi kiganja kigumu kimenikamata mkono.

"Unafanya nini?" Alikuwa Bi Somoe.

"Bibi, nisamehe, nimeharibu, hili koti..."

"Umeharibu nini? Koti mimi ndiye niliyelitaka. Irudishe."

Kicheko kikapungua, watu wanataka kusikia. Mgeni rasmi akamwamkia kwa adabu, "Shikamoo, bibi," naye akamwitikia, "Marahaba, baba," bila kuniachia mkono.

"Umeuliza koti tumelitoa wapi," akasema. "Swali hilo nimelisikia zamani. Mume wangu, marehemu Hassani, alikata mkonge kwenye shamba la mzungu, na mimi nilikuwa naye hapo hapo, mikono yangu hii. Akanunua koti. Siku ya Idi akalivaa, tukapita mbele ya ofisi. Nyapara akamwita, akamuuliza, wewe koti umelitoa wapi, umemwibia nani? Akamvua pale barazani, wanangu wanatazama, akamchapa. Hassani hakuvaa koti tena mpaka tunamzika, na uhuru hakuuona."

Bwana Linus alikuwa ametazama chini.

"Sasa huyu kijana kaja na koti, tumelivaa wote, kila mtu yuko kwake, shambani kwake, na hakuna aliyetuvua. Mlisema tukae pamoja tugawane. Tumegawana! Koti moja kijiji kizima, mnataka ujamaa gani tena?"

Mgeni rasmi akaanza kupiga makofi, peke yake kwanza, kisha ukumbi mzima, na vigelegele vya akina mama wa Rutamba vikapanda mpaka kwenye mabati. Mimi nilikuwa nalia na kucheka pamoja, na koti langu mwilini, na sikuwa najali tena nani anauona mgongo wangu.

"Picha hizi hazitoki," akasema mgeni. Akasoma maandishi chini ya ile ya Bi Somoe, yaliyosema *Mwanamke akisuka ukili*, basi. "Jina lako nani, bibi?"

"Somoe binti Mkwanda."

"Andika," akamwambia Bwana Linus, naye akaandika pale pale ukutani kwa kalamu yake. Mzee Nalinga kuona hivyo akakimbilia chini ya picha yake na kutaja jina lake na la baba yake kwa sauti ya mwadhini, na fundi baiskeli akafuata, na mke wa mwenyekiti, kila mmoja kasimama chini ya sura yake, na kila jina likitajwa ukumbi unaitikia kwa shangwe. Bwana Linus alizunguka na kalamu mpaka wino ukamwishia, akaazima nyingine.

Picha zile zilikaa ukutani muda mrefu baada ya Sabasaba kupita, watu wakatoka mpaka Nyangamara kuja kuziona, na Bwana Linus, muungwana kwa kweli, alinifuata studio akaniomba radhi na mimi nikamwomba yake. Nacheka nikikumbuka, lakini kuna jambo niliapa siku ile na sijalivunja: picha ya mtu siibandui ukutani kwa sababu mimi nimeona haya, mpaka nimuulize mwenyewe aliyepigwa. Karibu nimvue yule mama koti mara ya pili, mbele ya watu, kwa mikono yangu.

Jioni lori lilipoanza kupiga honi, Bi Somoe alikuwa bado amesimama mbele ya picha yake. Nikamfuata, nikamwambia nitamsafishia nyingine, kubwa, aende nayo nyumbani akaitundike.

Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga anayempenda.

"Nyumbani ya nini, mwanangu? Nyumbani wananijua."