Mashahidi wa Efrazia

Efrazia akikasirika haongei, anafua. Majirani zake wa Yoba, mjini Gitega, walishamzoea. Wakiona mashuka yameanikwa siku ambayo si ya kufua, wanajua kompyuta imemuudhi tena. Juma hilo alifua mpaka mapazia.

Chanzo kilikuwa mashine ya kusaga ya ushirika wa Mwakiro, kwao, huko Muyinga. Watu walikuwa wakishinda kwenye foleni na mihogo yao, kazi za shambani zikiwangoja. Efrazia, aliyesomea kompyuta Kigoma kabla ya kurudi Burundi, akawatengenezea programu: zamu ya nyumba yako ikifika, unapata ujumbe kwenye simu. Ili ujumbe uende kwa wakati wake alitumia zana huria, moja ya zile ambazo watu wa nchi mbalimbali huziunda kwa kujitolea na kumpa yeyote bure. Akaipangia ujumbe wa kwanza saa mbili asubuhi, Gervasi wa mashine anapofungua mlango. Zana ikautuma saa moja. Kesho yake, saa moja tena. Akina mama wakafika na baridi ya asubuhi, wakakuta kufuli.

"Yule Mtanzania wetu," wakaanza kusema.

Hilo ndilo lililomchoma. Ni kweli alizaliwa Tanzania, katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, lakini alirudi akitaka kuwa mtoto wa Mwakiro kama wengine, na programu ile ndiyo aliyokuja nayo mkononi, kama mgeni anayeona haya kuingia mikono mitupu. Sasa Letisia, mwenyekiti wa ushirika, alikuwa amemwambia wazi: Jumapili, baada ya misa, watu wataamua kama wabaki nayo au waiache.

Aliwaandikia wenye zana, kwenye ukurasa wao wa kupokea malalamiko. Jibu likaja fupi: "Kwetu inafanya kazi vizuri." Akaeleza upya, akaweka na picha. Kimya. Akaenda Mwakiro kumsaidia mama yake kuvuna maharage, mahali ambapo mtandao unapatikana ukiwa na bahati, na aliporudi Gitega akakuta roboti ya ule ukurasa imelifunga lalamiko lake, kwa sababu, ilisema, mlalamikaji amekaa kimya.

"Kimya!" akaiambia kompyuta. "Mimi ndiye niliyekaa kimya?"

Akachukua beseni.

Alikuwa anakamua pazia la pili Letisia alipopiga simu kuulizia. Efrazia akamwaga yote.

"Subiri kwanza," Letisia akasema. "We ulienda kulalamika peke yako?"

"Nilikuwa niende na nani, mama?"

"Eh! Huku kwetu, hata kama ni mbuzi ya jirani imekula mihogo yako, mbele ya bashingantahe, bale bazee banaamua kesi, unaenda na bashahidi. Mutu moja, banasema ni kichwa yake inamuruka. Donc mi nakuletea bashahidi."

Na akawaleta. Jioni hiyo ushirika ulikusanyika kwa mama Jeska, kwenye simu moja yenye intaneti, wakaandika mmoja baada ya mwingine kwenye ukurasa wa watu wale wa mbali, kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Kila mmoja alianza na salamu, kwa sababu hakuna anayetoa ushahidi bila kusalimia. Mmoja aliuliza kama mvua imenyesha huko kwao. Jeska aliuliza kama mama wa mwenye zana hajambo. Kisha wote wakasema lilelile: ujumbe ulifika saa moja, tukakuta kufuli.

Wote, isipokuwa wa mwisho, Kastori, baba mdogo wa Efrazia. Yeye aliandika: "Mimi ujumbe wangu ulifika saa mbili kamili, simu yangu inaonyesha. Programu ya mtoto wetu haina kosa. Mwenye kosa ni Gervasi, huyu mtu anachelewa kufungua tangu nimfahamu."

Efrazia alisoma hayo akashika kichwa. Akampigia.

"Baba mdogo, umeniharibia! Shahidi wangu mwenyewe?"

"Shahidi anasema alichokiona," Kastori akajibu bila wasiwasi. "Ulitaka niseme nisichokiona?"

Kwa hasira hakulala vizuri. Asubuhi akakuta jibu, na safari hii si la roboti. Mtu mmoja aitwaye Tomas alikuwa amewasoma wote, kwa msaada wa mashine ya kutafsiri. Aliomba radhi kwa lalamiko kufungwa. Mvua imenyesha, aliandika, na mama hajambo, asante. Halafu akauliza swali moja: "Huyu mzee wa mwisho, simu yake inafuata saa ya wapi?"

Efrazia akapiga simu tena, kwa upole kidogo.

"Ya Kasulu, kule Tanzania tulikokuwa," Kastori akasema.

"Miaka yote hii?"

"Tuliporudi sikuibadili. Nilisema, ngoja kwanza tuone kama amani itakaa. Mwanangu, mimi nimeshakimbia nchi hii mara mbili."

Efrazia akamuaga. Akafungua kompyuta yake, ile aliyoinunua Kigoma, na kutazama mahali ambapo hakuwahi kupatazama. Siku aliyofika Burundi alikuwa ameirudisha saa nyuma kwa mkono, akaridhika. Nchi iliyoandikwa humo hakuigusa. Yeye alikuwa Gitega, kompyuta ikaendelea kuamini kwamba iko Tanzania, na zana, isiyojali saa ya kusogezwa kwa mkono, ilikuwa ikiulizia mtandaoni saa halisi ya Tanzania, iliyo mbele ya Burundi kwa saa nzima, na kutuma ujumbe kwa hiyo. Akacheka peke yake mpaka jirani akachungulia.

Akamwandikia Tomas kwamba kosa ni lake. Tomas akajibu kwamba ni lao pia: zana ilipaswa kumwonya kwamba saa na nchi havipatani, naye ataongeza onyo hilo.

Jumapili, baada ya misa, Efrazia alisimama mbele ya watu akawaeleza yote. Aliposema kwamba kompyuta yake ilikuwa bado haijarudi kutoka Tanzania, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Gervasi ndiye aliyecheka zaidi, maana alikuwa ameoshwa jina.

"Programu inabaki," Letisia akasema, akijifuta machozi. "Na huyu mutoto ni wetu, asikuye mutu wa kumuita Mtanzania tena."

Kastori peke yake hakucheka. Alingoja watu wapungue, akatoa simu kwenye mfuko wa koti la kanisani, akaitazama kidogo, akamnyooshea.

"Basi na hii," akasema, "ilete nyumbani."

Efrazia akaipokea kwa mikono miwili.